Nauli ya Mteule

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini alasiri. Najua kwa sababu nilikuwa nimetazama saa nikisubiri risiti yangu, pale fundi mmoja wa vifaa vya umeme, hapa Kariakoo, alipochomeka deki kuukuu ya video ili aijaribu. Ilikwaruza, ikawasha taa yake ya kijani, kisha ikaanza kutoa harufu: vumbi linaloungua taratibu, plastiki iliyopata joto, na juu ya vyote spiriti ambayo fundi alikuwa ametoka kuitumia kuisafisha. Mteja aliyekuwa pembeni yangu alisogea. Mimi nilisogea pia, ila kuelekea kwenye deki.

"Unaitaka, mama?" fundi aliuliza. "Nakuachia kwa bei ya kutupa."

"Siitaki. Nanusa tu."

"Kunusa bure," akasema, akaendelea na bisibisi yake.

Ninyi mnaosoma mtaniwia radhi nikianzia kwenye pua. Kumbukumbu zangu nyingi nimezipanga kwa miaka na kwa madaftari, ndiyo tabia yangu, lakini hii haijawahi kukubali kupangwa. Inakaa ndani ya harufu ile, na harufu ikija inakuja nzima: ua wa nyumba, mabenchi ya mbao, sauti ya mtu kwenye kipaza sauti, na mimi, msichana wa miaka kumi na mmoja, nimekaa mwisho wa benchi, ubavu ukutani, ili niwe na jirani upande mmoja tu.

Baba alinileta Kariakoo mwaka uliofuata kifo cha mama. Alinileta kwa dada yake, ambaye mimi sikumwita kwa jina lingine ila Shangazi. Alikuwa amepanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku. Baba alisema ni kwa wiki mbili. Alikuwa anakwenda Kahama kutafuta kazi ya ufundi wa malori. Akishapata mahali pa kukaa, angenifuata. Nilihesabu siku kumi na nne kwa vijiti vya kiberiti, nikavipanga kwenye kizingiti cha dirisha. Siku ya kumi na tano Shangazi aliviokota kimya kimya, akawashia jiko. Hakuwa mtu wa maneno.

Shangazi alifua nguo za watu Upanga, kwenye magorofa. Aliondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni, kwenda na kurudi kwa miguu. Wapangaji wenzake walimshangaa, maana mabasi yalikuwepo. Yeye alijibu kwamba miguu haidai chenji. Mikono yake ilinuka sabuni ya mche hata alipokuwa anamenya vitunguu, na ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekunjamana daima. Kila asubuhi aliniachia sarafu moja juu ya mfuniko wa ndoo ya maji. Aliiita hela ya muhogo, ninunue muhogo wa kukaanga nikitoka shule.

Shuleni sikuwa na rafiki. Kiswahili changu kilikuwa cha bara, cha polepole. Nilisema "tunakwenda" pale wenzangu waliposema "tunaenda", wakaniiga kwa kunicheka mpaka nikaona heri kunyamaza. Wakati wa kurudi niliwaacha watangulie kukatiza viwanja vya Mnazi Mmoja, nami nikaja nyuma kwa umbali ambao mtu hawezi kusema nawafuata. Ufunguo wa chumba nilikuwa nimeuvaa shingoni kwa uzi. Kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja hapakuwa na mtu duniani aliyehitaji kujua nilipo.

Nyumba ilikuwa ya Bi Rukia, mama wa ukoo wa Kiarabu ambao ulikuwa umeuza vitambaa mtaani pale tangu enzi za babu yake. Duka lao lilikuwa mbele. Nyuma, uani, mwanawe alizungushia mabati na magunia, akaweka mabenchi manane, televisheni moja na deki, akaanzisha banda la video. Onyesho la kwanza lilikuwa saa tisa alasiri. Kiingilio cha mtoto kilikuwa sarafu moja, ileile ya muhogo.

Lazima nieleze banda lilivyofanya kazi, maana vijana wa leo hawakuyaona mabanda hayo. Filamu zilikuwa za Kichina za mapigano, za Kihindi, na chache za Kimarekani, na katika sisi tuliokaa kwenye mabenchi hapakuwa na aliyejua lugha hizo. Kwa hiyo banda lilikuwa na mtafsiri wake. Alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akapunguza sauti ya filamu, akasema maneno ya watu wote, wanaume, wanawake, watoto, na hata ya farasi ikibidi. Watu walimfuata mtafsiri kuliko filamu. Wa kwetu aliitwa Frateri, kwa kuwa alikuwa amesomea upadri seminarini akarudi nyumbani kabla ya kumaliza, na sababu hakuna aliyeijua. Alikuwa mwembamba, amefunga vifungo vya shati hadi shingoni hata katika joto la Februari, na hakuwa anatukana, jambo ambalo kwa mtafsiri wa filamu za mapigano lilikuwa karibu na muujiza. Jambazi wa mabanda mengine alimtukania adui yake ukoo mzima. Jambazi wa Frateri alisema, "Nitakutenda jambo utakalolijutia." Banda lilicheka, na kesho yake lilijaa tena.

Siku ya kwanza nilipoingia nilikuwa msichana peke yangu. Kijana aliyekuwa anapokea viingilio, Chidi, alinitazama juu hadi chini.

"Umemfuata nani humu?"

"Sijamfuata mtu. Nimekuja kuona."

"Haya, kaa. Ila ukilia kwenye damu, hela hairudi."

Sikulia kwenye damu. Nililia mwanzoni kabisa, pale ambapo wengine walikuwa bado wanapiga soga wakingoja watu waanze kupigana. Mwanamume mmoja alikuwa anamwacha mtoto wake kwenye mlango wa nyumba ya watu, mvua inanyesha, na anaondoka bila kugeuka. Frateri alishusha sauti kama mtu anayesoma somo kanisani. "Hakuachwa kwa kuwa hakupendwa," alisema. "Ameachwa kwa kuwa ameteuliwa. Na mteule hulelewa mafichoni mpaka siku atakapoitwa kwa jina lake."

Jumapili iliyofuata, kwenye mafundisho ya komunyo, katekista alitufundisha kuhusu wito. Alitusimulia habari za mtoto aliyepelekwa hekaluni na mama yake angali mdogo, akaachwa huko, akaja kuitwa kwa jina lake akiwa amelala. Na za mwingine aliyewekwa kikapuni juu ya maji, akalelewa katika nyumba isiyo yao. Wenzangu walikuwa wanahesabu nzi. Mimi nilishikwa na baridi. Ilikuwa hadithi ileile. Wachina na Wahindi, ambao katekista mwenyewe alituambia wengi wao hawajabatizwa, walikuwa wanasema jambo moja na kanisa letu, na jambo lenyewe lilikuwa linanihusu mimi.

Nilichukua daftari jipya la hesabu, nikapiga mistari kwa rula. Safu tano: Mtoto. Aliyemwacha. Aliyemlea. Aliyemwita. Alama. Kila filamu niliyoiona niliiandika jioni hiyohiyo. Kwa mwaka mmoja na nusu niliandika filamu arobaini na moja. Kumi na mbili zilikuwa za kupigana tu, nikaziandikia "Hamna". Zilizobaki zilikwenda njia moja. Mtoto aliachwa, akalelewa na shangazi, au mjomba, au mzee wa kushona viatu. Alidharauliwa. Alikuwa na alama mwilini au shingoni, kovu, hirizi, nusu ya sarafu. Kisha mtu alikuja akamtaja jina, na mateso yake yote yakawa na maana. Safu ya tatu, ya aliyemlea, ilikuwa rahisi kuliko zote kuijaza, kwa kuwa watu hao hawakuwa na majina na hawakukaa sana. Kwa kawaida waliuawa mapema, nyumba yao ikachomwa, mteule akapiga magoti kidogo, akaondoka. Niliandika "shangazi" au "mjomba", nikahamia safu iliyofuata.

Alama nilikuwa nayo. Kovu la pasi, kwenye kifundo cha mkono wa kushoto.

Jumamosi moja Bi Rukia alinikuta nimeinamia daftari ukumbini.

"Wewe Levina, unaandika nini, wosia?"

"Naandika filamu, Bibi."

"Filamu huandikwa?" Akamgeukia Shangazi, ambaye alikuwa anaanika nguo uani. "Yustina, binti yako anasoma sinema kama msahafu."

"Mwache," Shangazi alisema, pini ya nguo mdomoni. "Mradi hachezi barabarani."

Nilimweleza Bi Rukia habari za wateule, kwa utaratibu, safu kwa safu. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Mwishoni alijifunga upya kanga yake, akasema, "Majaliwa hayana daftari, mjukuu wangu. Yakija yanakukuta hata chooni."

Kesho yake sarafu ilikuwa juu ya mfuniko wa ndoo kama kawaida. Nilidhani Shangazi hajaelewa kwamba hela ya muhogo ilikuwa inaishia bandani. Kumbe hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeiweza.

Sasa nafika kwenye filamu ya duka la tambi. Ilikuwa namba arobaini na moja, ya mwisho katika daftari. Mtoto alikuwa analelewa na shangazi yake aliyekuwa anapika tambi kando ya njia. Siku moja mjumbe alifika na farasi na mfuko wa fedha, ametumwa na baba kumchukua. Mtoto alimtazama mjumbe, akamtazama farasi, akafungua mdomo. Frateri akasema kwa niaba yake: "Aliyeitwa hafuati mjumbe. Humngoja mwenye kuita aje mwenyewe." Sentensi hiyo niliiandika pembezoni mwa ukurasa na kuipigia mstari mara mbili.

Siku tisa baadaye, Jumapili mchana, mjumbe alifika kwetu.

Zilikuwa mvua za masika. Alikuwa amevuka Jangwani kwa miguu kwa sababu maji yalikuwa yamefunga barabara, na suruali yake ilikuwa tope hadi magotini. Alikuwa utingo wa lori. Alisimama mlangoni, hakutaka kuchafua mkeka.

"Dada Yustina? Nimetumwa na kaka yako wa Kahama. Amepata nyumba, amepata na mke, na sasa anamtaka mtoto wake." Akatoa bahasha kifuani. "Nauli ya basi hii, elfu nne na mia tano. Au apande na sisi kesho alfajiri, akae mbele na dereva, na hela mbaki nayo."

Shangazi aliifuta mikono yake ingawa ilikuwa mikavu. "Levina, unamsikia baba yako?"

Sikuwa namsikia baba yangu. Nilikuwa namsikia utingo mwenye tope. Nilisema naomba nifikirie mpaka saa kumi na mbili jioni.

Utingo alicheka. "Anafikiria nini huyu? Kwani anaolewa?"

Nilikwenda uani. Onyesho la kwanza lilikuwa limekwisha, watu wametoka, na Frateri alikuwa peke yake mbele ya deki iliyofunguliwa mfuniko. Chupa ya spiriti ilikuwa katikati ya miguu yake, pamba kwenye ncha ya kijiti. Hapo ndipo harufu ile iliponiingia moja kwa moja.

"Shikamoo, Frateri."

"Marahaba. Onyesho limeisha, mwanangu."

"Nina swali. La yule mtoto wa duka la tambi. Kwa nini hakwenda na mjumbe? Alikuwa na farasi, na hela alikuwa nazo."

Hakunicheka. Nilimpenda kwa hilo, na bado namshukuru. "Kwa sababu anayekutaka kweli hatumi mtu," alisema. "Anakuja."

"Na asipokuja?"

"Atakuja. Mimi hapa nilirudishwa nyumbani mwaka mmoja, kupima wito wangu. Ndio utaratibu. Mwaka ukiisha, gombera, mkuu wa seminari, anakuja mwenyewe kukuita."

"Mwaka wako bado haujaisha?"

Alikiinua kile kijiti, akakitazama kwenye mwanga uliokuwa unapenya katika tundu za mabati. Pamba ilikuwa nyeusi.

"Umeisha," alisema. "Huu ni wa sita." Kisha, kwa sauti ya kazini, ile ya kipaza sauti, akaongeza, "Usiogope. Filamu haiwezi kuisha mtoto bado yuko jikoni."

Saa kumi na mbili kamili nilisimama katikati ya chumba nikasema siendi. Baba aje mwenyewe.

"Baba yako ana kazi, binti," utingo alisema.

"Nitamngoja."

Alimgeukia Shangazi. "Dada, mchape kidogo tu, atapanda."

"Mtoto si gunia la vitunguu," Shangazi alisema. "Hapakiwi."

"Na hela niirudishe?"

"Iache. Ni ya kwake."

Utingo alipoondoka, Shangazi alifagia tope lililobaki kizingitini. Aliniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikasema ndiyo. "Basi," alisema, akainama jikoni akanipa mgongo, akapepea kwa muda mrefu mkaa ambao ulikuwa umeshawaka.

Siku hiyo niliandika mstari wa arobaini na mbili katika daftari langu. Mtoto: Levina. Aliyemwacha: Baba. Aliyemlea: shangazi. Aliyemwita: nikaacha wazi. Alama: kovu la pasi.

Baba hakuja. Hakutuma mtu wa pili. Nilimngoja darasa la sita, nikamngoja la saba, nikamngoja nilipokuwa nimemaliza shule na kuanza kujifunza kushona kwenye kibaraza cha Bi Rukia. Aliyeachwa, nadhani, hufika siku akazoea. Anayejiona mteule hazoei, kwa sababu kila siku ni siku ambayo huenda ndiyo yenyewe. Sikufanya rafiki wa kudumu, kwa kuwa mtu anayesubiri kuitwa hajifungi. Wenzangu waliponikaribisha kwenye ngoma au kwenye mchezo, nilikwenda nikakaa karibu na mlango. Na Shangazi, Mungu anisamehe, niliishi naye kama abiria anavyoishi na stendi. Nilimheshimu, nilimsaidia kazi, nilimwamkia kila asubuhi. Sikuwahi kumuuliza alizaliwa wapi hasa, wala kama aliwahi kuchumbiwa, wala kwa nini alikuwa anaimba wimbo mmoja tu anapochuja nguo.

Alikuwa na jambo moja la ajabu ambalo nililiona nikalipuuza. Kila mwanzo wa mwaka, tukitoka kanisani, alisimama kwenye meza ya wakala wa mabasi na kuuliza nauli ya Kahama. Akishatajiwa alisema asante, tukaondoka. Wakala alikuja kumzoea. "Mama wa Kahama, mwaka huu unasafiri?" Shangazi alijibu, "Nauliza tu, mwanangu. Kuuliza si kupanda." Nilidhani anapima ugumu wa safari ya baba kuja kwetu. Niliona aibu, nikatazama pembeni.

Banda lilifungwa watu walipoanza kununua televisheni zao wenyewe. Frateri aliondoka na kipaza sauti chake, sikumwona tena. Miaka mingi baadaye nilimshonea kanzu padri mmoja mzee, nikamuuliza kuhusu utaratibu ule wa kumrudisha mtu nyumbani kupima wito. Alinieleza kwamba katika seminari yao hapakuwa na mtu wa kuja kukuita. Mwaka ukiisha, aliyetaka kurudi aliandika barua mwenyewe kuomba kurudi. Waliokaa kimya walihesabiwa kuwa wameamua. Nilipima shingo ya padri mara tatu siku ile, kwa sababu namba zilikuwa hazikai kichwani.

Nilipokuwa na miaka ishirini na sita, baba aliletwa Dar es Salaam kutibiwa, katika hospitali moja isiyo mbali na magorofa alikokuwa anafua Shangazi. Nilimkuta mzee aliyesinyaa, mdogo wa mwili kuliko nilivyomkumbuka. Nilimwamkia. Nilikaa kando ya kitanda.

"Kwa nini hukuja?" aliuliza.

"Kwa nini hukunifuata?"

"Nilituma nauli." Alikuwa anavuta uzi wa shuka. "Uliposema huji, nikajua hujanisamehe. Nikasema nisikusumbue."

Ningemwambiaje mgonjwa kwamba ni kwa sababu ya filamu? Nilimmenyea chungwa. Alirudi Kahama, akaishi miaka miwili mingine, na taarifa ya kifo chake ilitufikia baada ya maziko.

Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, lakini nilijifunza Kiingereza peke yangu, kwa kamusi niliyoinunua imekatika jalada, ukurasa mmoja kwa siku. Watu waliniuliza unajifunza ili uende wapi. Nilitaka kujua wale watu kwenye televisheni walikuwa wanasema nini hasa, maana chini ya zile filamu za Kichina palikuwa na maandishi meupe ya Kiingereza ambayo bandani hakuna aliyeyajali. Hata hivyo, nilipoweza kuyasoma, sikuitafuta filamu ya duka la tambi. Nadhani niliogopa. Ile deki ya fundi ndiyo iliyonisukuma. Pembeni ya fundi yupo kijana anayejazia watu filamu kwenye flashi. Nilimweleza: mtoto, tambi, mjumbe, farasi. Ilimchukua wiki tatu.

"Mama, hii ya kale mno," alisema. "Hata mwenye nayo kasahau kama anayo."

Niliitazama mchana, chumbani kwangu, peke yangu, daftari mapajani. Mjumbe alifika na farasi na mfuko. Mtoto akafungua mdomo. Nilisimamisha picha, nikasoma maandishi meupe neno kwa neno, nikafungua kamusi ingawa sikuihitaji. Mtoto alikuwa anauliza: "Farasi huyu anang'ata?" Mara majambazi wakavamia duka, na ndiyo sababu hakuondoka siku ile.

Nilicheka, kisha nikarudisha nyuma kidogo, kwa kuwa kulikuwa na kitu sikukielewa. Kabla ya mtoto kusema, shangazi yake alizungumza na mjumbe, karibu dakika nzima. Bandani sehemu hiyo ilikuwa kimya. Frateri alikuwa anaitumia kunywa maji. Mama yule alikuwa anamweleza mjumbe kwamba mtoto ana kikohozi cha asubuhi, asilazwe penye upepo. Kwamba hali vitunguu ila vikikatwa vidogo sana hatavitambua. Kwamba akinyamaza sana asidhaniwe ana kiburi, ndivyo anavyohuzunika. Na mjumbe alimwita mama huyo kwa jina lake. Alikuwa na jina.

Siwaambii kwamba hakuna wito. Naamini upo, na naenda kanisani. Ila filamu zile ziliufanya wito kuwa kama damu mwilini: unao au huna, na ukiwa nao hakuna unachotakiwa kufanya ila kungoja. Katekista hakufundisha hivyo. Ni mimi niliyesikia hivyo. Katika hadithi zake, kila aliyeitwa ilimbidi aamke na kujibu, na angeweza kukataa. Frateri aliitwa, akangoja kuitwa. Baba yangu na mimi tulifanya vilevile kwa miaka kumi na minne, kila mmoja kwenye mwisho wake wa barabara. Katika nyumba ile mtu mmoja tu alikuwa amesikia jina lake linatajwa mlangoni, siku baba aliponileta, wiki mbili zikasemwa, akajibu. Hakuwa na alama yoyote, isipokuwa vidole.

Shangazi alifariki miaka sita iliyopita. Sanduku lake la bati nilikuwa sijalifungua. Nilijiambia ni nguo tu. Siku ile baada ya filamu nililivuta kutoka uvunguni, nikalifungua. Zilikuwa nguo, zimekunjwa kwa mkono wa mtu wa kazi hiyo, na chini yake bahasha ya utingo, bado ina alama ya tope kwenye pembe. Mbele, kwa mwandiko wa baba: "Nauli ya Levina." Chini yake, kwa penseli ya Shangazi, zilikuwa tarakimu zilizopangwa kushuka, kila moja imekatwa kwa mstari ili ifuate nyingine. Ya kwanza ilikuwa 4,500. Ya pili, 6,000. Niliendelea kushuka, nikaona miaka: ulipopanda bei usafiri, ilipanda na bahasha. Ya mwisho, 28,000, haikukatwa. Ilikuwa ya mwaka aliofariki baba, ambapo Kahama hapakuwa tena na mtu wa kumfuata.

Aliuliza kila mwaka, akaongeza kila mwaka, akatembea kwa miguu Upanga na kurudi, na hakuniambia, nadhani, ili nisije nikafikiri ananifukuza. Nilikuwa huru kuondoka siku yoyote ya utoto wangu.

Nilichukua daftari, mstari wa arobaini na mbili, safu ya tatu. Nilikata "shangazi" kwa rula, nikaandika Yustina. Kisha nikamimina noti mezani, nyingine za rangi ambazo siku hizi hazipokelewi, nikazihesabu mara mbili, kama ninavyofanya kila kitu. Shilingi elfu ishirini na nane.